Jukwaa la Marekani ni la Nani?

Mchezo wa kuigiza wa kwanza kwa Kiingereza unaojulikana kuchezwa katika makoloni ya Marekani uliwafikisha waigizaji wake mahakamani. Ilikuwa Agosti 1665, katika kilabu cha pombe huko Pungoteague, Virginia. Wanaume watatu walicheza kipande kilichoitwa Ye Bare and Ye Cubbe, na mkazi mmoja akaenda kuwashtaki. Mahakama ikawaamuru waje na maleba yao, waucheze upya mbele ya mahakimu. Walipomaliza, mahakimu hawakuona kosa lolote. Waigizaji wakaachiwa huru, na mlalamikaji akabebeshwa gharama za kesi.

Maneno ya mchezo huo yamepotea, lakini swali lililoizaa kesi hiyo halijapata kufungwa. Nani ana ruhusa ya kupanda jukwaani Marekani? Na nani anagharimia? Ukiyashika maswali hayo mawili, historia ya zaidi ya miaka 350 huanza kueleweka. Anayeitazama kutoka mbali huiona Broadway ya New York: taa, foleni za tiketi, majina makubwa ukutani. Broadway ni soko, tena soko kubwa, ila ni mara chache imekuwa shamba. Yaliyo bora katika tamthilia za Marekani yamelimwa kwingine, mara nyingi na watu waliozuiwa mlangoni, ndipo yakaletwa sokoni. Hiyo ndiyo hoja ninayotaka kuitetea hapa.

Kaskazini, kwenye makoloni ya Wapuritani, maigizo yalihesabiwa kuwa njia ya uzembe na uasherati. Massachusetts iliyapiga marufuku kwa sheria mwaka 1750. Virginia ilikuwa na moyo mwepesi zaidi: mwaka 1752 kundi la familia ya Hallam lilivuka bahari kutoka London na kucheza The Merchant of Venice ya Shakespeare mjini Williamsburg. Vita vya uhuru vilipokaribia, wanasiasa nao wakaingilia. Oktoba 1774 Kongresi ya makoloni iliwataka wananchi waachane na michezo ya kuigiza, mbio za farasi na kupiganisha majogoo, ikiyahesabu yote kuwa anasa zisizofaa wakati wa shida. Lakini Mei 1778, katika kambi ya jeshi ya Valley Forge, maofisa wa George Washington waliigiza Cato ya Joseph Addison, tanzia ya Kirumi kuhusu mtu aliyechagua kufa badala ya kuishi chini ya dikteta. Washington aliipenda sana tamthilia hiyo. Viongozi walewale waliotaka majukwaa yafungwe walijua jinsi yanavyoweza kuwatia watu moyo.

Uhuru ulipopatikana, kazi ya kwanza ya jukwaa ilikuwa kumtafuta Mmarekani ni nani. Aprili 1787 kichekesho cha Royall Tyler, The Contrast, kilichezwa New York na kumleta jukwaani Jonathan, mtumishi kutoka shamba, mwenye maneno ya wazi na kiburi cha raia huru. Katika onyesho moja anasimulia jinsi alivyoingia katika jumba la maigizo bila kujua ni mahali gani. Pazia lilipofunguliwa alidhani anachungulia nyumba ya jirani. Watazamaji walicheka, ila pia walijiona. Huyo mtu wa kawaida, asiyejua adabu za Ulaya na asiyezitaka, amerudi jukwaani Marekani kwa majina mengi tangu siku hiyo.

Lakini Jonathan alikuwa mzungu. Kwa wengine mambo yalikuwa tofauti.

Mwaka 1821, mjini New York, mtu mweusi aliyeitwa William Brown, mzaliwa wa visiwa vya Karibiani na mhudumu wa zamani wa melini, alikuwa na bustani ambamo watu weusi walikuja kunywa, kula na kusikiliza muziki. Utumwa ulikuwa haujakomeshwa kabisa katika jimbo hilo, ulikoma 1827. Katika jumba kubwa la mji, Park Theatre, watu weusi walikaa kwenye roshani ya juu kabisa. Brown akaanzisha kundi lake la maigizo, likajulikana kwa jina la African Grove, na mchezo wao mkubwa wa kwanza ukawa Richard III ya Shakespeare. James Hewlett ndiye aliyekuja kuwa nyota wao. Wazungu nao walifika kutazama, na Brown akawatengea sehemu ya nyuma ya ukumbi.

Kosa la Brown lilikuwa kufanikiwa. Alipothubutu kuhamishia maonyesho jirani na Park Theatre, fujo zilianza, na Januari 1822 polisi waliingia na kuwakamata waigizaji. Hakukata tamaa. Mwaka 1823 kundi lake lilicheza The Drama of King Shotaway, tamthilia aliyoiandika mwenyewe kuhusu uasi wa watu weusi wa kisiwa cha Saint Vincent dhidi ya Waingereza. Wanahistoria wanaihesabu kuwa tamthilia ya kwanza ya mwandishi mweusi kuchezwa Marekani. Matini yake hayakusalia. Baada ya hapo kundi likasambaratika. Ira Aldridge, aliyezaliwa New York mwaka 1807 na kuupenda uigizaji akiwa kijana mjini humo, aliona mapema kwamba nchi yake haina nafasi kwake, akaondoka kwenda Uingereza. Mwaka 1833 aliigiza Othello kwenye jukwaa la Covent Garden, London, kisha akazunguka Ulaya akipewa heshima na wafalme hadi alipofariki mjini Łódź, Poland, mwaka 1867. Mwigizaji mkubwa wa kwanza wa kimataifa aliyezaliwa Marekani hakuwahi kurudi kuigiza kwao.

Kilichoingia mahali pa Brown na Hewlett kinahitaji kuangaliwa bila kupepesa macho. Miaka michache tu baadaye, mnamo 1830, mwigizaji mzungu Thomas Dartmouth Rice alijipaka uso masizi, akavaa matambara, akacheza ngoma ya kuchechemea akijiita Jim Crow. Alipata umaarufu mkubwa. Mwaka 1843 wanaume wanne wa kundi la Virginia Minstrels walifanya mzaha huo kuwa onyesho zima la jioni, na maonyesho ya minstreli yakaenea nchi nzima: wachezaji wamekaa nusu duara, banjo na matari mikononi, nyuso nyeusi kwa kizibo kilichochomwa, wakimwigiza mtumwa kama mtu mjinga anayefurahia utumwa wake. Weusi halisi walikuwa wamefukuzwa jukwaani, na weusi wa kupaka ukalipiwa tiketi. Jina la Jim Crow baadaye lilipewa sheria za ubaguzi zilizotawala kusini mwa nchi hadi miaka ya 1960.

Wapo wanaotaka sura hii ipitwe haraka kwa aibu. Mimi naona aibu ya kweli ni kuipita. Hii ndiyo aina ya kwanza ya maonyesho iliyozaliwa Marekani kabisa na kusafirishwa duniani, na ucheshi wake, nyimbo zake na mpangilio wake uliingia katika maonyesho ya vodevili na hatimaye katika sinema. Baada ya utumwa kukomeshwa, hata wasanii weusi waliotaka kula kwa kipaji chao walilazimika kujipaka masizi juu ya ngozi zao. Bert Williams, mzaliwa wa Bahamas na mmoja wa wachekeshaji wakubwa waliowahi kuishi, alijipaka kwa sehemu kubwa ya maisha yake jukwaani. Yeye na mwenzake George Walker ndio walioleta Broadway, mwaka 1903, tamthilia ya muziki In Dahomey, iliyoandikwa na kuchezwa na watu weusi. Ilikwenda London na kuchezwa hadi kasri la Buckingham. Walichukua umbo walilopewa na dhuluma, wakalipindua kutoka ndani. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuanza upya.

Tabaka nalo lilimwaga damu. Mei 1849 waigizaji wawili, Mmarekani Edwin Forrest na Mwingereza William Charles Macready, walikuwa wakicheza Macbeth katika majumba mawili tofauti ya New York. Forrest alikuwa kipenzi cha wafanyakazi. Macready alipendwa na matajiri waliojijengea ukumbi wa Astor Place. Maelfu ya watu walikusanyika nje ya ukumbi huo usiku wa tarehe 10, mawe yakarushwa, na wanajeshi wakafyatua risasi. Watu wasiopungua 22 walikufa. Shakespeare alikuwa kisingizio. Kiini kilikuwa nani mwenye jukwaa. Ninavyoona, usiku huo uliharakisha kutenganishwa kwa watazamaji: wenye nacho wakajifungia na opera na tanzia, walio wengi wakaachiwa vichekesho na sarakasi.

Ubishi juu ya utumwa ulipanda jukwaani pia. Riwaya ya Harriet Beecher Stowe, Uncle Tom's Cabin, ilitoka 1852, na kabla mwaka haujaisha George Aiken alikwisha kuifanya tamthilia huko Troy, New York. Kwa miongo mingi makundi ya kuzunguka yaliicheza kila kona ya nchi. Stowe hakupata senti kwa tamthilia hizo, kwa kuwa sheria ya hakimiliki ya wakati huo haikumlinda. Watazamaji wengi walilia kwa ajili ya mtumwa aliyeigizwa na mzungu mwenye masizi usoni, na hawakuona ajabu.

Reli ilipoiunganisha nchi kutoka bahari hadi bahari mwaka 1869, makundi ya waigizaji wenyeji wa kila mji yalianza kufa. Ilikuwa rahisi kutayarisha mchezo mmoja New York na kuupakia kwenye behewa. Aliyeshika ratiba ya safari alishika kila kitu, na mwaka 1896 wafanyabiashara sita walilielewa jambo hilo wakaunda umoja wao, Theatrical Syndicate. Walimiliki au kudhibiti kumbi muhimu nchi nzima; asiyekubali masharti yao hakupata mahali pa kucheza. Sarah Bernhardt, nyota wa Ufaransa aliyejulikana dunia nzima, aligoma kuwapigia magoti, akacheza ndani ya hema huko Texas mwaka 1906. Ndugu watatu wa familia ya Shubert waliuvunja umoja huo, kisha wakajenga nguvu yao wenyewe, na kampuni yao bado inamiliki majumba mengi ya Broadway hadi leo. Waigizaji walikuwa wakifanya mazoezi kwa wiki nyingi bila malipo. Chama chao, Actors' Equity, kilichoundwa 1913, kiliitisha mgomo Agosti 1919, na baada ya takriban mwezi mmoja mabwana wakakubali mkataba.

Jukwaa lenye fedha nyingi namna hiyo lilikuwa na tamthilia dhaifu. Eugene O'Neill aliufahamu udhaifu huo tangu utotoni, kwa sababu baba yake James alikuwa mwigizaji wa kipaji aliyekwama katika mchezo mmoja, Monte Cristo, akiurudia maelfu ya mara kwa kuwa ulilipa. Mtoto akawa baharia, mlevi, mgonjwa wa kifua kikuu, halafu mwandishi. Majira ya joto ya 1916, katika kijiji cha wavuvi cha Provincetown, Massachusetts, kundi la marafiki waandishi lilicheza mchezo wake mfupi Bound East for Cardiff ndani ya banda la zamani la samaki lililojengwa juu ya gati. Wenzake walikuwa na vipaji pia; Susan Glaspell aliandika hapohapo Trifles, mchezo mfupi kuhusu wanawake wawili wanaoutambua ukweli wa mauaji ambao wapelelezi wanaume wanaupita bila kuuona, na unasomwa hadi sasa. Kutoka katika banda hilo O'Neill alifika Broadway mwaka 1920, na mwaka 1936 akapewa Tuzo ya Nobeli. Hakuna mtunzi mwingine wa tamthilia wa Marekani aliyeipata.

O'Neill naye hakuepuka swali letu. Tamthilia yake The Emperor Jones ya 1920 ilimpa Charles Gilpin, mwigizaji mweusi, nafasi kuu ambayo haikuwa na mfano. Gilpin aliyabadilisha matusi ya ubaguzi yaliyokuwamo katika maneno yake, mwandishi akakasirika, na nafasi ikaenda baadaye kwa Paul Robeson. Nashikilia kwamba Gilpin alikuwa na haki. Robeson mwenyewe, ambaye miaka ya 1930 alisoma Kiswahili na lugha nyingine za Afrika katika chuo cha mjini London, aliigiza Othello Broadway mwaka 1943 kwa maonyesho 296, idadi ambayo hakuna tamthilia ya Shakespeare iliyowahi kuifikia pale. Mwaka 1926 mwanazuoni mweusi W. E. B. Du Bois alikuwa amekwisha kulisema jambo lenyewe kwa ufupi: jukwaa la watu weusi liwe juu yao, liandikwe nao, lichezwe kwa ajili yao, na liwe karibu na wanapoishi. Kundi lake, Krigwa, lilicheza katika chumba cha chini cha maktaba ya Harlem.

Hapo tunafikia miaka minne ambayo, kwangu, ndiyo kilele cha historia hii. Mdororo mkubwa wa uchumi uliwaacha maelfu ya waigizaji, mafundi na wanamuziki bila kazi. Mwaka 1935 serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilianzisha mradi wa maigizo, Federal Theatre Project, na kumpa Hallie Flanagan, mwalimu wa chuo cha Vassar, jukumu la kuuendesha. Kwa mara ya kwanza na ya mwisho, serikali ya Marekani iliwaajiri wasanii wa jukwaa moja kwa moja, zaidi ya 12,000 wakati mradi ulipofikia upeo. Walicheza shuleni, hospitalini, kwenye bustani za miji na katika kambi za vijana. Tiketi zilikuwa za bei ndogo au za bure. Wengi wa watazamaji hawakuwahi kuona mwigizaji hai maishani mwao.

Mradi ulikuwa na vitengo vya watu weusi katika miji kadhaa. Aprili 1936, katika ukumbi wa Lafayette, Harlem, kitengo cha New York kilicheza Macbeth iliyohamishiwa kwenye kisiwa chenye sura ya Haiti. Mwongozaji, Orson Welles, alikuwa na miaka 20. Ngoma zilipigwa na kundi lililoongozwa na Asadata Dafora kutoka Sierra Leone, na usiku wa ufunguzi umati ulifunga barabara. Oktoba mwaka huohuo, tamthilia It Can't Happen Here, kuhusu udikteta unaoingia Marekani kwa kura, ilifunguliwa usiku mmoja katika majumba 21 nchini kote. Vitengo vingine viligeuza habari za siku kuwa maonyesho: bei ya maziwa, umeme, nyumba mbovu za wapangaji.

Juni 1937, serikali ilipolifunga jumba ambamo The Cradle Will Rock ya Marc Blitzstein ingechezwa, waigizaji na watazamaji walitembea kwa miguu hadi ukumbi mwingine. Chama cha waigizaji kilikuwa kimewakataza kupanda jukwaani. Basi Blitzstein akakaa peke yake kwenye piano, na waigizaji wakasimama mmoja mmoja kati ya watazamaji, wakaimba kutoka kwenye viti vyao. Sijui tukio la jukwaani lenye heshima kubwa kuliko hilo katika karne nzima.

Wabunge walioogopa ukomunisti waliufuata mradi. Flanagan alipohojiwa na kamati ya bunge Desemba 1938, mbunge mmoja alitaka kujua kama Christopher Marlowe, mtunzi wa Kiingereza aliyefariki 1593, alikuwa mkomunisti. Kongresi iliukatia mradi fedha, ukafungwa tarehe 30 Juni 1939. Mfuko wa taifa wa sanaa ulioanzishwa 1965 hutoa ruzuku tu, na kila baada ya miaka michache wabunge hutishia kuufuta. Marekani ilijibu swali la nani agharimie kwa kulirudisha sokoni.

Soko lilikuwa na fahari zake, sikatai. Tamthilia ya muziki ndiyo zawadi ambayo Broadway yenyewe iliitunza: Show Boat ya 1927 ilithubutu kuimba juu ya ndoa za watu wa rangi tofauti, na Oklahoma! ya 1943, iliyochezwa mara 2,212, ilifunga wimbo, ngoma na hadithi kuwa kitu kimoja. Wachache hukumbuka kwamba Oklahoma! ilitokana na tamthilia ya Lynn Riggs, Mcherokee, na kwamba katika kuhamishwa kwake wenyeji wa ardhi hiyo hawakupata sauti. Uigizaji nao ulibadilika baada ya ziara ya waigizaji wa Jumba la Sanaa la Maigizo la Moscow mwaka 1923. Mafundisho ya mwongozaji wao, Stanislavski, yalipitia Group Theatre ya 1931 hadi shule ya Actors Studio ya 1947, na kumzaa Marlon Brando katika A Streetcar Named Desire ya Tennessee Williams. Death of a Salesman ya Arthur Miller, mwaka 1949, ilimtoa Jonathan wa Tyler shambani, ikamwonyesha akiwa mzee mwenye madeni aliyeamini uongo wa nchi yake. Williams na Miller ni wakubwa kweli. Lakini nyumba wanazozieleza zina chumba kimoja ambacho hawakukifungua.

Alikifungua Lorraine Hansberry. Baba yake alinunua nyumba katika mtaa wa wazungu Chicago, akapambana na majirani mahakamani hadi Mahakama Kuu ya nchi ilipompa ushindi mwaka 1940. Bintiye alikumbuka umati wenye chuki nje ya nyumba. A Raisin in the Sun, inayohusu familia ya watu weusi na fedha za bima, ilitafutiwa wadhamini kwa zaidi ya mwaka, ikajaribiwa katika miji mingine, na hatimaye ikafunguliwa Broadway Machi 1959. Hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kufika pale na tamthilia yake kabla ya hapo. Mwongozaji, Lloyd Richards, alikuwa mtu mweusi. Hansberry aliweka ndani ya hadithi mwanafunzi kutoka Nigeria, Asagai, anayezungumzia uhuru wa Afrika wakati ambapo nchi nyingi za bara letu zilikuwa bado makoloni. Alifariki 1965 akiwa na miaka 34.

Miaka hiyohiyo wasanii wengi walichoka kungoja Broadway. Ellen Stewart alianzisha La MaMa mwaka 1961 katika chumba cha chini cha jengo. Joseph Papp aliwapa wakazi wa New York Shakespeare wa bure katika bustani ya Central Park. Luis Valdez na wavunaji zabibu waliogoma huko Delano, California, walicheza vipande vifupi juu ya magari ya mizigo mwaka 1965, mabango ya majina yakining'inia shingoni. LeRoi Jones, baada ya tamthilia yake Dutchman ya 1964, alianzisha jukwaa Harlem, kisha akarudi Newark na kuchukua jina la Imamu Amiri Baraka, wakati ambapo wanaharakati wengi weusi walikitazama Kiswahili kama lugha yao ya heshima. Cleveland ilikuwa imewatangulia wote: jukwaa la Karamu limebeba jina hilo la Kiswahili tangu 1927, na mshairi Langston Hughes aliandikia kundi lake tamthilia.

Nje ya New York majumba ya kudumu yalizaliwa: jumba la Margo Jones huko Dallas mwaka 1947, Arena Stage ya Washington mwaka 1950, Guthrie ya Minneapolis mwaka 1963. Majumba ya aina hii huendeshwa bila faida, kwa michango na ruzuku. Mwaka 1967 Arena Stage ilizindua The Great White Hope, kuhusu bondia mweusi, na James Earl Jones akiwa mwigizaji mkuu. Mwaka uliofuata ilihamia Broadway, ikashinda tuzo, na jumba lililoizaa halikupata mgao. Papp alijifunza: A Chorus Line ilipotoka kwake 1975 na kuchezwa mara 6,137, fedha zake zililea jumba lake la Public Theater kwa miaka.

Njia hiyo ndiyo iliyomleta August Wilson. Alizaliwa Pittsburgh mwaka 1945, akaacha shule akiwa na miaka 15 baada ya mwalimu kumshuku kwamba insha yake si yake, akajisomea maktabani. Aliandika tamthilia kumi, moja kwa kila muongo wa karne ya 20, tisa kati yake zikiwa katika mtaa mmoja wa Pittsburgh: madereva wa teksi, wazoa taka, wapiga gitaa, wanawake wanaobeba kumbukumbu za mababu. Hakuna mwandishi wa Marekani aliyefanya kazi ya ukubwa huo jukwaani. Lloyd Richards alimwongozea nyingi, na kila moja ilipita katika majumba ya mikoani kabla ya kufika New York. Juni 1996, mbele ya wakuu wa majumba hayo, Wilson aliwaambia kwamba kati ya majumba 66 ya daraja la juu ni moja tu lililokuwa la watu weusi. Alikataa pia wazo la kuwapa waigizaji weusi nafasi za kizungu kama sadaka. Alitaka majukwaa, fedha na uongozi. Wengi walikasirika. Hoja yake haijajibiwa.

Leo dalili zinapingana. Hamilton ya Lin-Manuel Miranda, iliyozaliwa Public Theater mwaka 2015, iliwapa wasanii weusi na Walatino nafasi za waasisi wa taifa, na mwaka 2016 tiketi zake bora ziliuzwa kwa dola 849. The Lion King, iliyofunguliwa 1997 na kujaa majina ya Kiswahili, imeingiza fedha kuliko onyesho lolote la Broadway, ingawa Afrika yake haina mtu wala historia. Eclipsed ya Danai Gurira, kuhusu wanawake katika vita vya Liberia, ilifika Broadway mwaka 2016, Lupita Nyong'o wa Kenya akiwa miongoni mwa waigizaji, na ilikuwa mara ya kwanza pale mwandishi, mwongozaji na waigizaji wote kuwa wanawake weusi. Ilichukua Broadway karne nzima na zaidi kufika hapo. Larissa FastHorse, wa taifa la Walakota, alingoja hadi 2023 kufika Broadway.

Anayetaka kuzijua tamthilia za Marekani asianze na zile zenye taa nyingi. Atafute Fences ya Wilson na A Raisin in the Sun ya Hansberry, azisome kwa sauti pamoja na wenzake, kila mtu na nafasi yake, kisha arudi nyuma kwa O'Neill na Glaspell. Na vikundi vyetu vya maigizo vinavyotafuta mfano wa kuiga vichunguze ile miaka minne ya Hallie Flanagan kabla ya kuchunguza bei za tiketi za Broadway.